Kutoka Kariakoo hadi Ocean Road: Tukiifuata Hewa ya Oksijeni

Akina mama wengi tunaijua Kariakoo kwa orodha tuliyoishika mkononi: kanga za Mtaa wa Uhuru, vyombo vya plastiki, vitambaa vya sare za shule, dagaa, viungo vya pilau. Mwezi huu tulikwenda na orodha ya namna nyingine. Akina mama kadhaa walikuwa wametuuliza juu ya tiba ya chumba cha oksijeni, ile ambayo mgonjwa hulazwa ndani ya kitu kinachofanana na mtungi mkubwa wa kioo, akavuta hewa safi kwa mgandamizo mkubwa. Wengine wameambiwa kwamba inatibu kila kitu, kuanzia kidonda cha kisukari hadi mtoto aliyechelewa kusema. Tukaamua kutembea katikati ya jiji la Dar es Salaam, mtaa kwa mtaa, tuone tiba hii inahusiana vipi na maisha yetu, maana jambo la hospitali hueleweka vizuri zaidi ukilitazama kutokea jikoni na sokoni.

Chupa ya soda Mnazi Mmoja

Tulianzia Mnazi Mmoja, chini ya miti, mahali ambapo watu hupumzika kabla ya kuingia katika msongamano wa Kariakoo. Kijana wa genge alitufungulia soda. Nayo, kama ilivyo desturi ya soda iliyotikiswa njiani, ikafoka povu mpaka mkononi. "Samahani mama zangu," alisema, akatupa kitambaa. Hakujua kwamba alikuwa ametupatia somo letu la kwanza.

Kiwandani, gesi husukumwa ndani ya soda kwa nguvu, na maadamu kizibo kimefungwa, gesi hiyo hukaa imeyeyuka ndani ya maji, wala huioni. Ukifungua kizibo mgandamizo hushuka ghafla, na gesi hutoka kwa mapovu. Damu ya mwanadamu nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Anayezamia baharini huongezewa mgandamizo sawa na ule wa hewa ya nchi kavu kwa kila mita 10 anazoshuka. Hewa anayovuta huko chini huyeyuka kwa wingi katika damu na nyama za mwili. Akipanda juu kwa haraka, mwili wake huwa kama ile soda: mapovu hujitokeza katika damu na viungo. Huumwa magoti na mabega, hufa ganzi, hata huweza kupooza au kufa. Huo ndio ugonjwa wa wazamiaji, na dawa yake ni kumrudisha mgonjwa katika mgandamizo, ndani ya chumba cha chuma, kisha kumshusha polepole huku akivuta oksijeni.

Ugonjwa huu ulijulikana sana katika karne ya 19 kwa mafundi wa madaraja waliofanya kazi chini ya mito, ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa kwa nguvu. Daraja la Brooklyn, kule New York, liliwaumiza wengi. Mhandisi wake mkuu, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872 akawa hawezi kwenda kazini. Mkewe, Emily Roebling, alijifunza hesabu za madaraja, akawa anapeleka maagizo kwa mafundi na kurudi na majibu kwa miaka zaidi ya kumi, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1883. Yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kulivuka. Tumelitaja hili kwa sababu historia ya tiba hii haikujengwa na wanaume peke yao.

Makutano ya Mchikichi na Kongo

Kutoka Mnazi Mmoja tuliingia Kariakoo yenyewe. Jina hili, kama wazee wanavyosimulia, lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi wale walibeba mizigo ya jeshi mabegani, na hata leo mtaa huu unaishi kwa mizigo: wachukuzi wanakupita mbio na marobota kichwani, wakipaza sauti upishe njia.

Tulisimama katika makutano ya Mtaa wa Mchikichi na Kongo. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka hapa na kufunika wafanyabiashara na wateja wao. Watu wasiopungua 29 walipoteza maisha, na wengine zaidi ya 80 waliokolewa na kupelekwa Muhimbili, Amana na Mnazi Mmoja. Kwa siku kadhaa waokoaji walizungumza na watu walionasa chini kabisa ya jengo, na walipowafikia kupitia mianya waliwapelekea vitu vitatu: oksijeni, maji na glukosi.

Tafakari vitu hivyo vitatu, mama. Mtu aliyebanwa na zege, mguu wake haupati damu, na mahali pasipofika damu hapafiki oksijeni. Nyama huanza kufa. Mzigo unapoondolewa, sumu za nyama ile iliyokufa huingia katika damu kwa mkupuo, zikashambulia moyo na figo. Ndiyo maana maji yanahitajika mapema. Kisha mguu huvimba, na uvimbe huo nao huibana mishipa, oksijeni ikazidi kupungua.

Hapa ndipo chumba cha mgandamizo kinapoingia. Katika hali ya kawaida, karibu oksijeni yote hubebwa na chembe nyekundu za damu, nazo kwa mtu mzima wa afya zimeshajaa. Huwezi kuzijaza zaidi, sawa na gunia la mchele lililoshonwa. Lakini ukimpa mgonjwa oksijeni tupu kwa mgandamizo mara tatu ya kawaida, oksijeni huyeyuka katika yale maji ya damu yenyewe: kutoka kiasi cha mililita 0.3 katika kila mililita 100 za damu, hadi kufikia kama mililita 6. Kiasi hicho kinakaribia kutosheleza mwili uliotulia bila kutegemea chembe nyekundu. Daktari mmoja Mholanzi, Ite Boerema, alilionyesha jambo hili Amsterdam mwaka 1960, alipowaweka hai nguruwe ambao damu yao ilikuwa imebaki karibu bila chembe nyekundu. Zaidi ya hayo, oksijeni hiyo huisinyaza mishipa midogo, hivyo uvimbe hupungua.

Mwaka 1996 madaktari wa Ufaransa walichapisha jaribio kwa wagonjwa 36 waliopondwa viungo na kufanyiwa upasuaji. Katika 18 waliotibiwa pia ndani ya chumba, 17 walipona vidonda kabisa. Katika 18 wengine walipona 10. Ni jaribio dogo, lakini linaonyesha kwamba tiba hii si mazingaombwe. Ina kazi yake, nayo hufanya kazi hiyo pamoja na kisu cha daktari wa upasuaji, si mahali pake.

Soko, shimoni na nywele za bandia

Tulizunguka soko kuu, lile lililosanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli ya zege. Julai 2021 soko liliungua vibaya. Ukarabati mkubwa ukafuata, na jengo jipya likaongezwa kando. Wafanyabiashara wa Kariakoo hawana haja ya kuhubiriwa habari za moto.

Moto ndio hofu kubwa ya chumba cha oksijeni. Oksijeni yenyewe haiwaki, bali huchochea kila kinachowaka. Cheche ambayo katika hewa ya kawaida ingezimika, ndani ya oksijeni tupu huwa mwali kwa nukta moja. Januari 2025, katika jimbo la Michigan, Marekani, mtoto mdogo alifariki baada ya chumba alimokuwa akitibiwa kushika moto, na mama yake aliyekuwa karibu akaungua alipojaribu kumwokoa. Hapakuwa hospitali kuu. Palikuwa kituo cha binafsi.

Kwa sababu hiyo hospitali zinazofuata sheria humvua mgonjwa karibu kila kitu alichonunua Kariakoo. Wigi na nywele za bandia hazifai, kwa kuwa ni plastiki. Mafuta ya nywele, losheni, manukato na rangi ya kucha havifai. Nguo za nailoni na poliyesta, ambazo zimo hata katika vitenge vingi vya siku hizi, hazifai. Huvaliwa pamba tupu. Simu, kiberiti, betri na vito hubaki nje. Basi ukifika mahali wanapokuingiza na simu yako na nywele zako za kusuka za bandia bila hata kukuuliza, shika mkoba wako uondoke.

Majiko ya Gerezani

Kelele za nyundo zilituongoza hadi Gerezani, kwenye mafundi wa bati na vyuma. Majiko ya mkaa yalipangwa kwa ukubwa, kuanzia la chai ya mtu mmoja hadi la pilau la harusi. Fundi mmoja wa makamo alitupokea kwa heshima: "Karibuni mama, majiko haya yanatunza moto mpaka asubuhi." Alisema kwa kujisifia kazi yake, na kazi ilikuwa nzuri kweli. Lakini maneno yale yalitukaa moyoni, kwa maana jiko linalotunza moto mpaka asubuhi, likiwa ndani ya chumba kilichofungwa, linaweza kuimaliza familia nzima kabla ya asubuhi hiyo.

Mkaa unapowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoozeshi. Hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara zaidi ya 200, ikakaa katika kiti ambacho oksijeni ingekalia. Mtu huvuta pumzi vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili wake unakosa hewa. Jenereta la dukani au la nyumbani umeme unapokatika hutoa gesi hiyo hiyo, na huua kwa njia hiyo hiyo.

Dalili zake hutudanganya sisi akina mama wa pwani. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili umelegea, usingizi mzito. Nani kati yetu asingesema ni malaria? Lakini malaria haiwashiki watu wa chumba kimoja wote kwa saa moja, wala haipungui mara tu mgonjwa anapotolewa nje kwenye upepo. Ukiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wameugua pamoja na jiko lilikuwa ndani, usitafute kidonge. Fungua milango, watoe nje wote, uwapeleke hospitali, ukamwambie daktari waziwazi: "Jiko la mkaa lilikuwa chumbani." Kusema hivyo ni muhimu, kwa kuwa kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni hakitofautishi kaboni monoksaidi na oksijeni, na huweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye taabani.

Mama mjamzito awe na hadhari zaidi. Damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu, na huchukua muda mrefu zaidi kuiachia kuliko damu ya mama. Mama anaweza kujisikia nafuu ilhali mtoto bado yumo hatarini.

Tiba yake ni oksijeni. Akivuta hewa ya kawaida, mgonjwa huhitaji saa nne hadi tano ili nusu ya gesi itoke katika damu. Akipewa oksijeni tupu kwa barakoa, huwa kama saa moja na robo hadi na nusu. Ndani ya chumba, kwa mgandamizo mara tatu, huwa kama dakika 23. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, lenye wagonjwa 152, lilionyesha kwamba waliotibiwa chumbani walipata matatizo ya kumbukumbu na kufikiri kwa kiasi kidogo baada ya wiki sita: asilimia 25, dhidi ya 46 ya wengine. Majaribio mengine hayakuona tofauti hiyo, na madaktari bado wanabishana. Lakini hakuna anayebishana juu ya barakoa. Oksijeni ya barakoa, ikitolewa mapema, huokoa maisha, na hospitali ya wilaya inaweza kuitoa.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mpaka siku hiyo ifike nyumbani kwako, jiko la mkaa lilale nje.

Upanga, kwenye vidonda visivyopona

Kutoka Gerezani tulichukua bajaji hadi Upanga, Muhimbili, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Nje ya geti walikaa akina mama na vikapu vya chakula, wakingoja saa ya kuwaona wagonjwa wao. Katika wodi za hospitali kubwa kama hii hukosi kumkuta mzee mwenye mguu uliofungwa bandeji kwa sababu ya kisukari.

Kidonda cha kisukari ni moja ya sababu zinazowafanya watu kutafuta chumba cha oksijeni. Madaktari wameafiki kwamba baadhi ya vidonda, hasa vile vilivyofika kwenye mfupa na kukataa matibabu mengine, huweza kusaidiwa. Lakini si mara moja. Mgonjwa huingia saa moja na nusu hadi mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, mara 20 hadi 40. Hesabu nauli, hesabu siku za kazi, hesabu nani atabaki na watoto.

Kabla ya kufika huko lipo la kufanya nyumbani. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam amefanya kazi miaka mingi kufundisha wahudumu wa afya nchini utunzaji wa miguu ya wenye kisukari, na somo lake kubwa ni rahisi: itazame miguu kila siku. Mguu wenye kisukari hausikii maumivu. Ndala iliyokatika, msumari wa Kariakoo, maji ya moto ya kukandia, vyote huumiza bila mwenye mguu kujua. Mke akimtazama mumewe nyayo kila jioni, au binti akimtazama mama yake, kidonda hukamatwa kikiwa kidogo kama punje.

Ocean Road hadi gati la boti

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa ufukweni, Ocean Road, jengo la enzi za Wajerumani ambalo tangu 1996 ni taasisi ya saratani. Akina mama wengi wanaotibiwa hapa wanaumwa saratani ya mlango wa kizazi, na mionzi imewaokoa wengi. Lakini wachache, miezi au miaka baadaye, hupata madhara ya mionzi hiyo katika kibofu au utumbo: damu katika mkojo, maumivu yasiyokoma. Wapo wanaoyaficha kwa aibu, au wanaodhani saratani imerudi. Hayo ni moja ya matatizo ambayo tiba ya oksijeni ya mgandamizo inakubalika kuyatibu, kwa kuwa huamsha mishipa midogo ya damu iote tena mahali palipochomwa. Basi dada, ukiona dalili hizo rudi kliniki, ukaseme.

Kutoka pale tulitembea kandokando ya bahari hadi gati la boti za Zanzibar. Ng'ambo ya maji hayo, kijijini Matemwe, mashariki ya kaskazini ya Unguja, kiliwekwa chumba cha mgandamizo kwa ajili ya wazamiaji. Watalii wanaozamia kuona matumbawe hukatiwa bima yao. Lakini wapo pia vijana wa pwani yetu wanaozamia majongoo bahari kwa mitungi ya hewa, pasipo mafunzo wala bima. Mama mwenye mwana wa kazi hiyo amwambie: panda polepole, na ukiumwa viungo baada ya kuzamia usikandwe ukalala; nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tuliyorudi nayo

Tumeona kwamba chumba cha oksijeni ni tiba ya kweli kwa magonjwa machache yanayojulikana: ugonjwa wa wazamiaji, sumu ya kaboni monoksaidi, viungo vilivyopondwa, baadhi ya vidonda vya kisukari, madhara ya mionzi, na mengine kadhaa ya namna hiyo. Haijathibitika kutibu usonji, utindio wa ubongo, uzee au utasa. Anayekuuzia kwa hayo anauza matumaini yako. Muulize maswali manne: Ugonjwa wangu umo katika orodha inayokubalika? Yupo daktari aliyesomea kazi hii? Umenipima mapafu na masikio? Moto ukitokea, mtanitoaje? Mwenye pafu lililotoboka na kuvuja hewa kifuani haruhusiwi kabisa kuingia kabla ya kutibiwa, na mwenye mafua mazito huweza kupasuka ngoma ya sikio.

Lakini kwa nyumba nyingi za wasomaji wetu, hewa inayookoa maisha usiku wa leo haimo katika chumba cha chuma. Imo katika dirisha. Kabla hujazima taa, toa jiko nje hata kama makaa yamefunikwa majivu, hata kama mvua inanyesha na watoto wanalalamikia baridi. Waongezee blanketi. Kisha acha dirisha wazi kidogo, ulale.